Sanduku la Risasi Halitembei

Nilikuwa nimelishika kwa kibano: sanduku la risasi, halifiki hata sentimita moja, na tone la gundi limeshawekwa mahali pake. Kwenye kibao cha kusimamishia sanamu walikuwepo tayari askari watatu wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao, na bombomu yao, bunduki ya rasharasha. Mmoja amelala nyuma ya bunduki, mwingine anaushikilia mkanda wa risasi, wa tatu kapiga goti huku amenyoosha kidole. Upande wa kulia palikuwa na pengo. Sanduku lingekaa pale vizuri kabisa, na picha ingependeza.

Gundi ikaanza kuota utando, nami bado nimelishika.

Nani kalileta?

Swali dogo, lakini liliniganda. Jeshi langu la sanamu ndogo za mchezo wa vita wa mezani, la vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, lilikuwa limekwisha kupakwa rangi: kaki iliyopauka, tarbushi zenye kitambaa cha kufunika kisogo, vitambaa vya bluu vilivyoviringwa miguuni kuanzia kifundo mpaka chini ya goti. Vyeo vipo, toka ombasha hadi betshaushi. Kilichobaki ni mandhari ya vibao: udongo, nyasi, mawe, magogo, masanduku. Hii ndiyo kazi ambayo wengi wetu huiacha mwisho na kuimaliza harakaharaka ili jeshi liingie mezani. Kwangu imechukua wiki nyingi, na sehemu kubwa ya wiki hizo sikugusa brashi. Nilikuwa nawaza tu.

## Udongo unataja mwezi

Ukishamwaga mchanga juu ya kibao na kuupaka rangi, umeshataja mahali na msimu, utake usitake.

Tanga, Novemba 1914, ni vuli: majani mabichi, minazi, mashamba ya mpira na mkonge, udongo wenye mchanga wa pwani. Salaita, Februari 1916, ni jua kali, miiba, na vumbi jekundu linalopanda mpaka magotini. Bonde la Rufiji, miezi ya mwanzo ya 1917, ni mvua zilizopita kiasi. Maji yametanda na njia zimepotea. Mahiwa, Oktoba 1917, ni mwisho wa kiangazi kusini, wakati miombo inapochipua majani ya rangi ya shaba kabla hata tone la mvua halijaanguka.

Jeshi moja haliwezi kusimama kote huko. Wapo wanaopaka vibao kahawia isiyo ya mahali popote, ili kikosi kiweze kupigana popote. Nawaelewa, maana kupaka kikosi ni kazi ndefu na hakuna anayetaka kuirudia. Lakini vita hivi viliendeshwa na nchi kuliko vilivyoendeshwa na mizinga. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, mito ilijaa, malaria ikawalaza watu wengi kuliko risasi. Ukiiondoa nchi chini ya miguu ya askari, umeondoa sababu ya karibu kila jambo lililomtokea.

Picha za zamani hapa zinasaidia nusu. Walther Dobbertin alikuwa na kamera yake Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita, na katika picha zake utaona jinsi kaki inavyokunjamana, jinsi mkanda unavyolala kiunoni, nani ana viatu na nani hana. Udongo wenyewe umetoka kijivu. Kwa hiyo rangi ya udongo huitoi kwenye picha. Unaitoa kwenye udongo. Nimetazama udongo mwekundu kwa muda mrefu, mkavu na ulioloa, asubuhi na saa saba mchana, na nimegundua kwamba wekundu wake haumo kwenye tabaka la chini. Naanza na kahawia iliyoiva, nikaushe, nipitishe brashi kavu yenye rangi ya matofali, kisha kidogo sana ya rangi ya chungwa iliyopauka kwenye ncha za mchanga tu. Mwisho nasaga chaki ya rangi ileile na kuipaka kwenye vifundo vya askari na kwenye pindo za nguo. Hatua hii ya mwisho siiruki kamwe. Vumbi lisipopanda miguuni, askari anaonekana amegandishwa juu ya udongo, hajautembea.

Mwanzoni nilikuwa nimeegemea Tanga. Nani asingeegemea? Kuna minazi, kuna reli, kuna nyuki. Ile mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, ambayo nyuki wake waliwavamia watu wa pande zote mbili, hutengenezwa kwa kipande cha kijiti kilichotobolewa kati, na nilishatengeneza kadhaa. Nikaitundika kwenye miti ya mezani, si kwenye vibao. Nyuki walikuwa wa mahali, hawakuwa wa kikosi.

Kisha nikalirudia sanduku. Tanga ina jibu jepesi: treni. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, aliteremsha kampuni zake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, na ndivyo watu wapatao 1,000 walivyowahi kuwakabili 8,000 wa upande wa Waingereza waliovushwa bahari kutoka India. Sanduku likishashuka kwenye behewa, safari iliyobaki ni fupi.

Kusini mwa Rufiji, mwaka 1917, jeshi lile halina behewa.

Nikahamia kusini.

## Nyasi zinazomeza jeshi

Sanamu za milimita 28 zina uwiano wa karibu 1 kwa 56. Piga hesabu na nchi yenyewe uone itakavyokushinda. Mbuyu wa mita 20 unadai sentimita 35 na zaidi kutoka mezani. Ukiuweka mmoja, meza nzima inakuwa uwanja wa mbuyu. Hapo hatuna budi kupunguza, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ulikuwa na nyasi.

Nyasi za mita mbili, ambazo si ajabu hata kidogo katika nchi ile baada ya mvua, ni sentimita tatu na nusu. Askari wangu hafiki hapo. Nikiotesha nyasi za kweli kwenye kibao, kazi yote ya usoni, ya mkanda, ya vifungo, inazama. Nikiotesha vile vishungi vifupi vya dukani vinavyofika kwenye kifundo, naonyesha malisho ya ng'ombe wa nchi za baridi.

Nilijaribu kuziotesha. Uzi wa katani ndio unaofaa kuliko vitu vyote nilivyowahi kushika kwa kazi hii. Unaukata vipande virefu kidogo kuliko unavyotaka, unauloweka kwenye rangi ya majani makavu iliyozimuliwa kwa maji, ukikauka unauchambua kwa sindano mpaka nyuzi ziachane, unatoboa kibao na kuzisimamisha humo kwa fungu dogo dogo. Ncha zake hazilingani, nazo hupinda zenyewe. Kibao cha kwanza kilitoka kizuri sana, na askari akawa haonekani ila tarbushi.

Nilikitazama kwa siku kadhaa. Kilikuwa cha kweli, lakini kama jeshi la mezani hakikufaa.

Jibu lilitoka kwenye mwendo wa jeshi lenyewe. Vikosi hivi havikutembea vimejipanga kwa upana porini. Vilipita njia nyembamba, mtu nyuma ya mtu, safari nzima. Nyasi pale walipokanyaga hazikuwa zimesimama. Zimelala, zimevunjika, na zimelalia upande mmoja, ule wanakoelekea. Basi nikaacha ukuta wa nyasi ndefu uwe kwenye mandhari ya meza, na kwenye vibao nikaweka zilizokanyagwa: katani ileile, imelazwa na gundi na kubanwa kwa kidole ingali mbichi, katikati pakatokeza udongo mtupu uliopondwa.

Ukiviweka vibao vimefuatana, njia inaonekana inaendelea kutoka kimoja hadi kingine. Nilifurahi mno.

Halafu nikaitazama ile njia. Ilikuwa pana na imechakaa. Miguu ya askari niliokuwa nao isingeweza kuifanya hivyo.

## Watu 250

Kampuni moja ya Schutztruppe mwanzoni mwa vita ilikuwa na askari 160 hadi 200, bombomu mbili au zaidi, na wapagazi wa kudumu wapatao 250. Rudia kusoma. Katika kikosi ambacho sisi wachezaji tunakijenga kwa bidii, tunabishana kuhusu rangi ya mabegi yake na umbo la vifungo vyake, walio wengi hatuwaweki kabisa. Na hapo sijahesabu wake wa askari, watoto wao na maboi waliofuatana nao safarini.

Kwa upande wa Waingereza hesabu inakuwa nzito zaidi. Makadirio ya walioandikishwa kubeba mizigo yanakaribia milioni moja, na ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi. Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Tunapita pale kila siku, na bado tukikaa kuunda jeshi la vita vile tunaanza na bunduki.

Jambo la kwanza lililonijia ni lile ambalo lingemjia yeyote: weka mpagazi mmoja kando ya bombomu, ainamie lile sanduku. Pengo litajaa, historia itakuwa imetajwa. Nilikuwa na sanamu inayofaa. Nikaishika juu ya kibao kama nilivyoshika sanduku.

Nikashindwa tena.

Safari hii kilichonizuia kilikuwa kizito zaidi. Kwenye meza yangu ya kazi kuna kisahani cha vitu vya mandhari: vijiwe, magogo, majani makavu, vipande vya masanduku. Mle ndimo nilimokuwa nimemweka yule mtu. Nilikuwa nimemhesabu pamoja na mawe. Angekuwa pambo la kibao cha mtu mwingine, asiye na nafasi yake, asiyehama, asiyeweza hata kuuawa katika mchezo, maana kanuni hazimtambui. Mnara wa Nairobi, ule wa 1928 wenye watu watatu wa shaba, umempa mpagazi umbo lake kamili pamoja na wenye bunduki, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mnara wa Dar es Salaam una askari peke yake. Nimeipenda sanamu ile ya Dar tangu utotoni na naipenda bado, lakini wiki hizi nimekuwa nikiwaza zaidi juu ya ule wa Nairobi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kama habari ya makaburi. Sasa naiona ni habari ya mpangilio pia: nani anapewa mahali pake, na nani anawekwa pembeni mwa mwingine.

Kulikuwa na shaka ya upande wa pili, na sitaki kuipita haraka. Mtu aliyekufa kwa kuhara damu kando ya njia, mbali na kwao, nimfanye kisanamu cha mchezo? Kuna heshima fulani katika kumwacha. Nilikaa na hoja hii kwa muda na karibu inishinde. Kilichoivunja ni kwamba sikuwahi kuiuliza kwa askari. Askari naye alikufa, tena wengine walikuwa wamelitumikia jeshi lililoizima Maji Maji kwa moto na njaa, na bado nilimpaka rangi usiku kucha kwa mapenzi. Heshima inayomhusu mpagazi tu, na ambayo matokeo yake ni yeye kutoonekana, siiamini.

Basi atakuwa na kibao chake.

## Kata, merikani, mafiga

Kutoka hapo kazi ikawa tamu. Niseme ukweli, hakuna sehemu ya jeshi hili niliyoipenda kuitengeneza kama hii.

Cha kwanza ni kata. Sanamu nyingi za wapagazi zinazouzwa zina sanduku lililokaa moja kwa moja juu ya fuvu, na mtu yeyote aliyewahi kujitwisha ndoo anajua hilo haliwezekani. Kwa hiyo nalitenganisha sanduku na kichwa kwa kisu, nasokota nyuzi mbili nyembamba za pamba mpaka zijikunje, naziviringa kuwa duara lisilozidi upana wa kichwa, naliloweka kwenye gundi, nalikalisha, kisha narudisha mzigo juu yake. Mzigo unapanda kama milimita moja. Shingo yote inabadilika. Unaona uzito unakaa wapi.

Cha pili ni nguo. Hapa hakuna kaki, ila ya kurithi iliyochanika. Kuna merikani iliyofubaa, kaniki, blanketi lililokunjwa begani. Merikani naipaka rangi ya mfupa, si nyeupe, kisha maji ya rangi ya kahawia yatuame mikunjoni. Hakuna wawili waliofanana, na hilo ni la makusudi. Askari ndio waliovishwa wafanane.

Mizigo nayo ina aina zake. Sanduku la risasi, gunia la unga, kibuyu, hema lililoviringwa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25. Ile bombomu yangu ya kibao cha kwanza, kama ni ya aina ya MG 08, bunduki yenyewe ina kilo 26 hivi na kitako chake cha chuma zaidi ya 30, hapo hujaweka maji wala risasi. Kwa hiyo kitako nimekifunga kwenye mti wenye wabebaji wawili, na nimewapa mabega yanayotofautiana kimo, aliye mbele akiwa mrefu, ili mti uiname.

Kibao ninachokipenda kuliko vyote hakina mzigo unaobebwa. Kina mafiga matatu, sufuria, na watu wawili wamechutama. Mafiga ni vijiwe vya kweli nilivyochagua kwa ukubwa, sufuria ni kifuniko cha tyubu ya rangi kilichokatwa. Ndani kuna uji wa mahindi: gundi, mchanga laini sana, na rangi nyeupe yenye manjano. Nimeuacha na chengachenga kwa makusudi. Unga wa posho wa njia zile ulikuwa mara nyingi umesagwa vibaya, na watu waliochoka, kwenye mvua, kwa kuni mbichi, hawakuweza kuuivisha. Kuhara damu kulianzia humo. Kwenye picha ukivuta karibu unaziona zile chenga, na mtu anayejua atajua anatazama nini. Moshi nimeuweka kidogo, pamba iliyovutwa ikaguswa na rangi ya kijivu, umelala chini kama moshi wa kuni mbichi unavyolala.

## Kanuni nayo ikabadilika

Vibao vikishakuwepo mezani lazima vifanye kitu, la sivyo nimewarudisha kwenye mapambo kwa njia ndefu. Nikaandika kanuni fupi. Mkanda wa risasi 250 ukiachia tu unaisha kama nusu dakika. Basi bombomu inaanza mchezo na mkanda mmoja, na baada ya hapo inapiga tu ikiwa kibao cha wapagazi wa risasi kiko karibu nayo. Wakiwa mbali, iko kimya.

Tulicheza hivyo na rafiki. Mara moja akaacha kuzishambulia bunduki zangu na kuanza kuwawinda wapagazi.

Alikuwa na haki. Ndiyo mbinu bora chini ya kanuni niliyoiandika. Lakini nilikaa pale nikitazama vibao vile vikiondolewa kimoja kimoja na nikajisikia vibaya, maana kuwapa mahali kulikuwa kumewageuza shabaha. Tulisimamisha mchezo tukajadiliana mpaka chai ikapoa. Hatimaye tukaongeza jambo moja ambalo historia ilikuwa imeshatuonyesha: mpagazi akishambuliwa kwa risasi halazimiki kusimama tu. Ana hiari ya kutupa mzigo na kukimbia, na hahesabiwi kuwa amekufa. Kibao kinaondoka mezani salama. Kinachobaki pale alipokuwa ni sanduku.

Sasa masanduku yametawanyika mezani, na kila moja tunajua limefikaje lilipo. Anayetaka risasi zake inambidi atume watu wakazichukue, na wao wanayo nafasi ya kukataa. Michezo imekuwa ya polepole zaidi. Mara mbili tatu upande wenye bunduki nyingi umelazimika kurudi nyuma bila kushindwa popote, kwa sababu tu njia ya nyuma yake ilikuwa tupu. Hiyo ndiyo sura ya vita vya kusini ninayoifahamu, na sikuwahi kuiona mezani kabla.

Kazi iliyopo mbele yangu ni mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani. Baada ya meli ile kuzamishwa Rufiji, tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu na kuburutwa nchi nzima, na walioiburuta ni mamia ya watu kwa kamba. Nimeshapata mtutu na magurudumu. Kamba ya kwanza nimeisokota kwa uzi wa kitani, na ukiinyoosha inavuka nusu ya meza. Tatizo ni watu. Kila sanamu ya mpagazi niliyoipata imechongwa imesimama wima na mzigo kichwani, wala hakuna hata moja inayovuta: mwili umelala mbele, kisigino kimezama kwenye tope, kamba imekata begani. Itabidi niwaunde mwenyewe kwa waya na udongo wa kufinyangia, mmoja mmoja, na nimeanza na wale wa mbele kabisa, kwa sababu wao ndio wenye tope zito kuliko wote.